Sahani Tupu za Alhamisi

Hapa Rochdale, Uingereza, ukiulizwa "mzima?" usijibu. Mimi nilijibu wiki nzima ya kwanza. Dereva wa basi aliniuliza, nikasimama palepale mlangoni nikamweleza kwamba usingizi haujakaa sawa tangu nifike, kwamba mume wangu yuko baharini, na yeye je, wa nyumbani kwake wanaendeleaje. Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nyuma yangu watu walikuwa kwenye mstari. Hakuna aliyelalamika, ila mmoja alikohoa, na kikohozi cha hapa ni tusi kamili.

"Hatujambo, kipenzi," akasema dereva. "Kaa basi."

Nikakaa. Nililifikiria lile neno kipenzi njia nzima, nikilifurahia peke yangu dirishani, mpaka nikamsikia anamwita hivyohivyo mzee mmoja aliyepanda na mbwa.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Kufikia Februari nilikuwa nimejifunza mengi. Mtu akiniambia mzima, nami namwambia mzima, kila mmoja anashika njia yake bila kujua hali ya mwenzake. Nilijua kwamba mlo wa jioni ndio wanaouita chai, hata kama mezani kuna viazi na soseji na hakuna tone la chai. Nilijua kwamba "si mbaya" maana yake mtu amefurahi kweli, na kwamba "nzuri sana" ikisemwa kwa sauti ya chini maana yake afadhali usingefanya. Nilijua kuomba radhi mtu akinigonga.

Nisichokijua ni namna ya kupata mtu wa kuketi naye. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima. Kila jioni niliisikia televisheni ya jirani, nikajua anapenda vipindi vya kubahatisha majibu, nikajua mpaka kikohozi chake. Lakini katika miezi yote hiyo tulizungumza mara moja tu, kuhusu siku ya kutoa pipa la taka.

Mimi natoka Ohio, Amerika, kwa watu wa kanisa lisiloruhusu magari, wa mikokoteni ya farasi. Kwetu mtoto anasoma mpaka darasa la nane kisha anaingia kazini, na mtu yeyote asiye wa kanisa letu tunamwita Mwingereza, hata kama amezaliwa shamba la pili. Kwa hiyo nilipomwambia mama nimepata mchumba Mwingereza, aliendelea kumenya maharage, akauliza, "Wa duka lipi?", maana Waingereza aliowajua yeye ni wenye maduka ya mjini. Gavin hakuwa wa duka lolote. Alikuwa fundi wa mitambo ya upepo, ameletwa Ohio kwa mkataba, na mchana alikuwa akila kwenye mkahawa nilikokuwa nikifanya kazi. Alikuwa akisema samahani kabla ya kuagiza supu. Nilimpendea hilo.

Sasa yuko kwenye mitambo ya baharini, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani. Mwanzoni mwa Februari waajiri wake walimpa achague: abaki kazi hiyohiyo, au arudi Ohio, ambako wanasimamisha mitambo mipya karibu na ziwa. Walitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Usiku wake wa mwisho nyumbani alikuwa akikunja nguo za kazi, akaniambia bila kuniangalia:

"Mimi huko nalala na wanaume wanaokoroma kama matrekta, sina shida ya upweke. Wewe ndiye unayekaa na kuta. Useme wewe, Lovina. Utakachosema ndicho nitakachowaambia."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi si mbaya popote."

Alikuwa anapenda hapa, basi. Mama yake yuko hapa, timu yake ya mpira iko hapa, inafungwa kila Jumamosi na yeye anaipenda hivyohivyo. Lakini hakuweza kulisema, na mimi sikutaka kumvuta ulimi. Nikamwambia nipe mpaka mwisho wa mwezi.

Kazi yangu ni kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Mashuka yanatoka kwenye mashine yakiwa na unyevu, mimi na Janice tunashika pembe, tunayalisha kwenye pasi kubwa inayozunguka, yanatokea upande wa pili yakiwa ya moto na yamenyooka. Upande huo yupo Rukhsana, anakunja. Msimamizi wetu ni Lorraine, ambaye alianza hapo akiwa msichana na sasa ana wajukuu. Mvuke ni mwingi, kelele ni nyingi. Mtu akitaka kusema nawe anasubiri saa nne, tukiingia chumba cha chai.

Utaratibu wa chai niliushika mapema. Atakayeinuka kwa haja yoyote, hata kama anafuata kijiko, lazima aulize nani anataka, kisha awatengenezee wote, kila mmoja kwa rangi yake. Janice anataka iliyo nyeusi kama kamba ya kiatu, Lorraine anataka maziwa mpaka ipauke, Rukhsana sukari tatu na anasema ni moja. Nikajifunza. Niliinuka zaidi ya wote. Nilidhani hilo ndilo lililobaki, nikishaliweza watanifungulia.

Wapi. Tatizo langu nililiona kwenye midomo yao, nikakaa muda kabla sijalielewa. Janice akitengeneza chai, Rukhsana anaonja, anasema, "Hii umeichujia soksi?" Janice anamjibu, "Soksi ya mume wako, alisahau kwangu." Lorraine akija na nywele mpya, wanamuuliza zimegombana na nani. Lorraine naye anawaambia mishahara yao afadhali aipeleke kwa punda, maana punda angalau anajua kukunja mguu. Wanachekana hivyo kutwa nzima, na hakuna anayenuna.

Mimi je? "Asante sana, Lovina." "Chai nzuri sana, Lovina." Kwa sauti ya chini.

Mara moja nilimwambia Lorraine kwamba nywele zake zinapendeza, zinaufanya uso wake ung'ae. Nilimaanisha. Aligusa kichwa kama aliyetuliwa na nyuki, akasema ni rangi ya dukani tu, ya bei rahisi, kisha akakumbuka kuna gari linashusha mzigo nje. Hakukuwa na gari.

Nikasubiri. Mimi ni mtu wa kusubiri, nimekua nikingoja ng'ombe wazae. Na moyoni nilikuwa nimejiwekea kipimo ambacho sikumwambia mtu: siku yangu ya kuzaliwa, Alhamisi ya wiki ya tatu. Nilikuwa natimiza ishirini na nne.

Kwetu siku ya mtu ina wenyewe. Pale mkahawani Ohio, siku yangu ikifika, nilikuwa siruhusiwi hata kushika kisu. Wenzangu walikuwa wakinificha jikoni, halafu wananitoa, keki iko mezani, mpishi ameiandika jina langu kwa mkono wake mbaya. Mwenyewe kujiletea keki ni kama kujipigia makofi kanisani. Kwa hiyo nikasema moyoni, kama hawa watu wana nafasi yangu, hata ndogo, Alhamisi itaonekana. Isipoonekana, namwambia Gavin twende zetu.

Siku haikujificha, maana Rukhsana mwenyewe aliniuliza. Ilikuwa wiki moja kabla, amesimama mlangoni pa chumba cha chai akisoma kalenda.

"Lovina, hivi wewe umezaliwa lini?"

"Alhamisi ijayo."

Wote waliinua vichwa. Janice akatabasamu, jambo ambalo hafanyi kabla ya saa sita.

"Basi Alhamisi mimi siji na sandwichi," akasema Rukhsana. "Nakuja na tumbo tupu."

"Wewe lini tumbo lako limewahi kuwa tupu," akasema Lorraine. Kisha akanigeukia mimi, kwa ile sauti ya adabu. "Tunaingojea, kipenzi."

Tunaingojea. Nilienda nayo nyumbani hiyo kama mtu aliyebeba mayai. Wanapanga kitu. Rukhsana ataacha chakula chake, maana yake chakula kitakuwepo. Jioni ile televisheni ya jirani hata sikuisikia.

Alhamisi ilifika na mvua. Nilivaa blauzi ya buluu niliyoishona mwenyewe, ndani ya koti la kazi, sehemu ambayo ingeonekana kidogo shingoni. Nilinuia nisile asubuhi. Sikufunga chakula cha mchana pia, maana nilijiambia ukienda umeshiba utawavunja moyo.

Kwenye pasi Janice alisema, "Hongera, bibie," nikasema asante, tukaendelea na pembe zetu. Nilikuwa nikichungulia chumba cha chai kila nikipata nafasi. Saa nne ilipogonga niliwaacha watangulie. Nikahesabu mpaka kumi, nikaingia.

Meza ilikuwa imepanguswa. Magazeti ya zamani yalikuwa yameondolewa, na katikati palikuwa na sahani ndogo tano, zimepangwa, na kisu juu ya karatasi ya jikoni. Hata Darren, kijana wa magari ambaye hunywa chai yake nje akivuta sigara, alikuwa ameketi, mikono mezani.

Nikasema moyoni, ni sasa.

Nikaketi. Wakaniangalia. Nikatabasamu. Wakatabasamu. Darren aliangalia sahani yake. Birika likachemka, likajizima lenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hapo hakuna aliyeinuka. Basi nikainuka mimi, nikatengeneza chai za wote, polepole, nikiwapa mgongo makusudi, nikidhani wanataka niwape mgongo ili waitoe ilikofichwa. Nilifungua friji kutoa maziwa. Friji ilikuwa na maziwa na nusu kitunguu.

Nilipogeuka meza ilikuwa vilevile.

"Mvua hii," akasema Lorraine.

"Haina hata aibu," akasema Janice.

"Wamesema Jumamosi itatulia."

"Wamesema hivyo Jumamosi iliyopita."

Rukhsana aliuangalia mfuko wangu uliotundikwa kwenye ndoano. Aliuangalia kwa muda, mfuko mdogo, umelala bapa, hauna kitu zaidi ya mwavuli na ufunguo. Kisha akaniangalia mimi, kisha akashika kikombe chake kwa mikono miwili. Tukanywa chai. Ninakumbuka sauti za watu watano wakimeza.

"Haya," akasema Lorraine mwisho, akapiga mapaja yake kwa viganja, namna wanavyofanya hapa wakitaka kuondoka mahali. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti, akaiweka mbele yangu. "Siku njema, Lovina. Kutoka kwetu wote."

Ndani mlikuwa na kadi yenye picha ya kondoo. Walikuwa wameandika majina yao, basi, kila mmoja kwenye kona yake, kama pembe za shuka. Nikawashukuru. Nilishukuru zaidi ya inavyotakiwa, mpaka Darren akasimama akaenda kuvuta.

Janice alikusanya sahani, akazirudisha kabatini. Hakuziosha kwa kuwa hazikuwa na kitu. Mchana nilimwona Rukhsana kwenye mashine ya vitafunwa ya ukumbini, anaingiza sarafu, anatoa pakiti ya viazi vya kukaanga, anavila amesimama. Mimi sikula chochote. Nilikuwa na njaa, lakini nilikuwa nimeishiwa sababu ya kwenda kununua.

Jioni Gavin alipiga simu. Mtandao wa baharini unakuja na kupotea, sauti yake ilikuwa inaingia kama mtu anayesema ndani ya pipa.

"Heri ya kuzaliwa, mke wangu. Walikufanyia nini kazini?"

"Kadi."

"Ah, vizuri."

"Ina kondoo."

"Vizuri," akasema tena. "Lovina, kuna nini?"

Nikamwambia waambie Ohio. Nikasema nimejaribu. Nikasema kwamba nikifa hapa leo, atakayejua wa kwanza ni mwenye zamu ya pipa la taka. Hakubisha. Hilo liliniuma kuliko angebisha. Alisema sawa, akishuka nchi kavu, si Jumanne hii inayokuja bali ile inayofuata, ataingia ofisini mwenyewe na kuwaambia. Kisha mtandao ukakatika, na jirani yangu ng'ambo ya ukuta akacheka kitu cha televisheni.

Siku zilizofuata walizidi adabu. Lorraine alinipangia kazi kwa kuniuliza kama itanisumbua, na kama haitanisumbua, na ni pale tu nitakapopata nafasi. Chai yangu waliniletea kama kawaida, lakini iliwekwa mbele yangu kimyakimya, kama inavyowekwa mbele ya mkaguzi. Sikuelewa nimewakosea nini. Nilijua mimi ndiye niliyekosewa. Nilianza kuchagua moyoni vitu vya kubeba na vitu vya kuacha: mashine ya kushonea nabeba, buti za mvua naacha.

Jumatano Janice aliingia na maboksi matatu.

Aliyabeba yamepandana, kidevu chake kikishikilia la juu, akausukuma mlango kwa nyonga. Akayaweka mezani saa nne ilipofika, akaanza kufungua kamba huku akilalamika. "Msiniangalie hivyo. Zile za krimu zimeisha, kuna mama mmoja mbele yangu amebeba zote, na nadhani amefanya makusudi. Nimepata za kastadi. Hizi za chini zimegandamana, samahani. Darren, wewe kula iliyogandamana, hutajua tofauti."

"Umri gani sasa, Janice?" akauliza Rukhsana. "Au tuhesabu kwa karne?"

"Kula unyamaze."

"Nimekumbuka, wewe ndiye uliyefua shuka la Nuhu."

Walikuwa wameshaanza kula. Lorraine alikuwa na unga wa sukari puani. Mimi nilikuwa nimeshika keki yangu, naiangalia, kisha namwangalia Janice, anayepita na boksi kama mhudumu.

"Janice," nikasema, "leo siku yako ya kuzaliwa?"

"Kwa bahati mbaya."

"Na keki umejinunulia mwenyewe?"

"Sijajinunulia. Nimewanunulia nyinyi."

"Lakini siku ni yako."

"Ndiyo," akasema Janice, akinitazama kama mtu anayezungumza na mtoto karibu na moto. "Ndiyo maana."

Niliiweka ile keki chini. Nikaanza kuziona sahani. Si hizi za leo, zile tano. Kisu juu ya karatasi. Darren na mikono yake mezani. Rukhsana bila sandwichi.

Kwetu mtu akigundua jambo analisema. Nikalisema. "Kwetu wanaoleta ni wengine. Mwenye siku haleti. Mimi nilikuwa nawangoja nyinyi."

Hakuna aliyetafuna. Rukhsana alikuwa na kastadi mdomoni, akabaki nayo shavuni.

"Unawangoja akina nani?" akauliza Darren, ambaye huchelewa kidogo kuelewa.

"Nyinyi. Siku ile. Nilikuja sijala."

Kama ingekuwa Ohio, hapo mtu angepiga meza, tungecheka mpaka machozi, mambo yakaisha. Hapa ilikuwa kama nimewaambia nina ugonjwa. Lorraine alifunika mdomo. Alisema samahani. Alisema samahani tena, akasema ni kosa lake, yeye ni msimamizi, alipaswa kufikiri. Janice alisema samahani kwa kuwa ameleta keki. Darren alisema samahani bila kujua ya nini. Nikasema jamani, kosa ni langu, samahani ni yangu mimi. Tukaombana radhi mpaka saa ya chai ikaisha, na tulipotoka hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Rukhsana peke yake hakuomba radhi. Alienda zake kwenye kukunja, mgongo wake ukitikisika, na sikujua kama ni mashine au ni nini.

Jioni Gavin alipiga. Nilimuuliza kabla hajamaliza salamu.

"Gavin, kazini kwenu mtu akiwa na siku yake ya kuzaliwa, nani analeta keki?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe mwenye siku."

"Sasa nani mwingine?"

"Wenzake."

"Wenzake watajuaje anapenda keki gani?" Alisema hivyo kwa dhati kabisa. Kisha nikasikia anavuta pumzi. "Lovina. Hukupeleka?"

"Miezi mitano umenifundisha upande wa kusimama kwenye ngazi za umeme zinazopanda zenyewe, hili hukunifundisha."

"Sikujua kama ni kitu cha kufundisha. Ni kama ningekufundisha kufungua mlango. Walikaa mezani wakingoja?"

"Walipanga sahani."

"Oh, mke wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefunika macho. "Kwa hiyo mpaka leo wanadhani wewe ni bahili."

"Leo nimewaambia. Sasa wananiogopa."

Hakuniuliza kuhusu Ohio. Alisema tu kwamba Jumanne bado ni Jumanne.

Alhamisi na Ijumaa ziliendelea kwa adabu ile ya hospitali. Jumapili mchana niliwasha jiko. Nilikuwa na molasi ya dukani, ile asali nyeusi ya miwa wanayoiuza kwenye kopo jekundu, na unga, na siagi, na nikatengeneza pai ya kwetu, ambayo mama hutengeneza bila kupima. Mimi nilipima, na bado tanuri la hapa likanidanganya, ukoko ukakolea kuliko nilivyotaka. Nikatengeneza ya pili. Nyumba ilinuka Ohio mpaka ngazini. Nilikaa jikoni na pai zangu mbili, mvua inapiga dirisha, nikawaza kwamba huenda ninaoka kwa ajili ya watu nitakaowaaga wiki hiyohiyo. Hata hivyo nilizifunga vizuri kwenye taulo.

Jumatatu kwenye basi nilizishika mapajani. Dereva alisema mzima, nikasema mzima.

Saa nne niliingia wa kwanza. Nikatoa sahani mwenyewe, nikaweka kisu. Walipoingia walisimama kidogo mlangoni, wamebanana, kama watu waliofika msibani mapema. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, ya shukrani, marefu, ya kwetu. Nikaziona nyuso zao nikayaacha. Nikasema alivyosema Janice.

"Samahani, zimeungua chini. Na zimechelewa. Darren, wewe kula ya pembeni, hutajua tofauti."

Darren akaketi. Wakaketi wote. Nikakata, nikapitisha. Vijiko vikaanza. Lorraine akaonja kipande kidogo, akafunga macho, akasema, "Nzuri sana, Lovina," kwa sauti ya chini, ile ya afadhali usingefanya.

Rukhsana alikuwa anatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu. Akaangalia kile kipande cheusi kwenye kijiko chake, akakigeuza upande wa pili, akakigeuza tena.

"Hii," akasema, "walikuwa wanaimwaga kwenye barabara ya kwetu wiki iliyopita. Wakaipitishia mtambo juu yake."

"Rukhsana," akasema Lorraine, kwa hofu.

Wote waliniangalia mimi, na Janice alishika ukingo wa meza.

"Ulikaa na njaa mpaka ukanunua viazi vya mashine kuingoja," nikamwambia. "Sasa imekuja unachagua. Lete nikurudishie sandwichi."

Rukhsana aliniangalia. Akaweka kijiko. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii nilijua si mashine. Alicheka mpaka akalala juu ya mkono wake mezani. "Nilikula viazi vya chumvi na siki," alikuwa anasema, "nimesimama, nalia. Nilimwambia mume wangu, yule Mmarekani ana roho ya jiwe, ametutengenezea chai akatukodolea macho."

"Mimi nilikuwa nimewapa mgongo ili mtoe keki."

"Tutoe wapi, kwenye sidiria?"

Hapo hata Lorraine alishindwa. Alicheka akijipangusa kwa karatasi ya jikoni, akisema Mungu wangu, kile kimya, alikiota usiku, alidhani ni siasa ya Kimarekani. Janice alisema yeye aliiangalia ile friji ikifunguliwa akawa anaombea hata kile kitunguu kikatwe. Darren alikuwa anakula kipande cha tatu. Aliuliza kama kuna mtu hataki chake.

"Onja chai yako, shoga," Rukhsana akaniambia tukiinuka, "nimeitengeneza mimi. Ni mbaya, lakini si mbaya kama hii pai."

Alifunga kipande cha pai kwenye karatasi, akakitia mfukoni.

Niliporudi nyumbani nyumba ilikuwa vilevile. Buti za mvua mlangoni, koti la Gavin kwenye ndoano, ng'ambo ya ukuta mtu anabahatisha majibu na kukosea. Hakuna aliyekuwa amenialika kwake, na nimeshawajua kiasi cha kutotegemea. Nilipasha supu nikainywa nimesimama kando ya dirisha. Sikuwa nimepona upweke, ulikuwa umekaa palepale kwenye kiti chake.

Simu ililia saa mbili.

"Kesho nashuka," akasema Gavin. "Nitaenda ofisini moja kwa moja. Nataka tu kuhakikisha. Bado ni Ohio?"

"Leo Rukhsana amesema pai ya mama ni lami ya barabara."

Nilisikia upepo wa huko kwake, na mtu akiimba vibaya kwa mbali.

"Amesema mbele ya watu?"

"Mbele ya wote. Na chai yangu amenitengenezea, akaniambia ni mbaya."

"Ilikuwa mbaya?"

"Sana."

Hakucheka. Nilimsikia akikaa chini, kwenye kitanda chake cha chuma, na pale ndipo nilipojua alivyokuwa akitamani kubaki, miezi yote hii, bila kulisema.

"Basi niwaambie nini?" akauliza, taratibu.

"Waambie tupo," nikasema. "Na ukishuka ninunulie molasi. Siku ya Lorraine ya kuzaliwa ni Machi, na anasema hawezi kuoka."

"Lovina, hiyo ni siku yake. Anatakiwa kuleta yeye."

"Najua," nikasema. "Ataileta yeye. Mimi nitaoka tu."